Wadudu wa Bahari Waliochomwa na Jua la Ikutha

Pikapu ilianza kufoka mvuke ilipolikaribia soko la Ikutha. Kisilu, dereva, akaikokota hadi pembeni ya barabara, akazima injini, akafungua boneti na kuruka nyuma. Katunge Ndeti hakungoja kuambiwa kilichoharibika. Tangu Kibwezi alikuwa amepakata boksi la plastiki, na kitu cha kwanza alichofanya ni kushuka nalo mbio na kuliweka kivulini, kwenye baraza la duka lililokuwa karibu. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyekuwa akipepeta maharagwe, alimtazama kwa mashaka, akamuuliza kama amebeba vifaranga.

Katunge akamjibu kwamba ni wadudu. Tena wametoka baharini.

Yule mama aliacha kupepeta. Alitaka kuwaona, na Katunge, kwa hofu zote alizokuwa nazo, hakuweza kumnyima. Akafunua kifuniko kidogo tu. Juu ya karatasi laini zilizoloweshwa maji ya chumvi kulikuwa na vijidudu vya rangi ya fedha iliyofifia, mwili wa kila mmoja ukiwa mdogo kama punje ya mchele, miguu mirefu, hawana mabawa. Wadudu wamejaa kila pembe ya nchi kavu, kwenye mito na maziwa, lakini bahari imewashinda karibu wote. Hawa ni katika wale wachache walioiweza. Huzaliwa juu ya maji ya chumvi, huwinda juu yake, huzaana juu yake na hufia hapo hapo, na maisha yao yote hutembea juu ya maji bila kuzama. Wanasayansi huwaita Halobates. Wavuvi waliomsaidia Katunge kuwakamata walisema hawana jina maalumu la kuwaita. Kwao ni wadudu wa maji tu.

Kama ungemwambia Katunge miaka ya nyuma kwamba atakuja kuhangaika juani na wadudu wa bahari, angecheka. Alizaliwa Kalamba, huko Makueni, kwa wazazi wakulima wa ndengu na mbaazi, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu mwaka karibu wote na maji huchimbwa. Lakini mvua ikishanyesha na mto ukapita, vidimbwi hubaki kati ya mawe, na juu ya vidimbwi hivyo hutokea wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza kana kwamba maji ni sakafu. Alipokuwa mdogo, aliwahi kutumwa maji akasahau mtungi, akasahau na saa, akiwa amelala kifudifudi kwenye jiwe akiwatazama. Mama yake, Mutanu, alimfuata na fimbo. Alimkuta bado amelala pale, akainama kuona anachotazama, na kwa sababu asizozijua mwenyewe akaiweka fimbo chini.

Katunge alikua, akasoma, akawa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili pale mjini Wote. Alifundisha miaka mingi na aliipenda kazi yake. Halafu siku moja, kwenye semina ya walimu, mhadhiri mmoja kutoka Kitui, Daktari Nyamai, alitaja kwa kupita tu kwamba wale wadudu wa vidimbwini wana ndugu zao wanaoishi baharini. Katunge hakusikia tena neno lolote la semina ile. Wakati wa chai alimfuata daktari na kumbana kwa maswali mpaka chai ya mwenzake ikapoa. Mwaka uliofuata aliomba likizo ya masomo, akahamia Kitui, na daktari akakubali kumsimamia katika shahada ya pili.

Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Kidimbwi cha Makueni huchemka mchana na kupoa alfajiri. Mdudu wake ameuzoea msukosuko huo. Bahari haibadiliki hivyo. Sasa bahari nayo inazidi kupata joto mwaka hadi mwaka. Je, mdudu wa baharini anaweza kustahimili joto kiasi gani kabla hajazimia?

Kulijibu ndiko kulikokuwa na kazi. Mjomba wa Sauda ndiye aliyewakamatia wadudu wa kwanza. Sauda Faki alikuwa fundi wa maabara ya chuo, mzaliwa wa Kitui mjini katika familia iliyotoka pwani zamani, anayesema Kikamba kama mtu wa Mutomo na Kiswahili kama mtu wa Kilifi. Huyo mjomba, Mzee Haroun, aliwapata kwenye hori la bahari lenye mikoko, akawatia ndani ya ndoo ya maji ya bahari na kuituma Kitui. Ndoo ilipofunguliwa, wote walikuwa wamelala chini. Mdudu ambaye maisha yake yote hukaa juu ya maji alikuwa amezama, kwa sababu mtikisiko wa barabara uliwarushia maji hadi vinyweleo vyao vinavyoshika hewa vikalowa.

Mara ya pili walisafirishwa juu ya karatasi yenye unyevu, wakafika hai. Waliwekwa kwenye beseni, na kufika kesho yake wengi walikuwa wamekufa kwa kujigonga ukutani. Bahari haina kuta, na hawakujua kugeuka. Sauda alileta chandarua kuukuu kutoka nyumbani, wakakishona kuzunguka beseni kwa ndani, na vifo vikapungua. Kuhusu chakula, Sauda aliozesha maembe kwenye kona ya maabara ili apate vijinzi, inzi wadogo wa matunda, vya kuwalisha. Wenzao wa chumba cha pili walilalamika kwa mkuu wa idara juu ya harufu, na Sauda akaenda kujitetea mwenyewe, akarudi na ruhusa.

Hatimaye wakafanya jaribio la kwanza. Beseni la wadudu liliwekwa ndani ya beseni kubwa lenye hita, na joto likapandishwa polepole, nyuzi moja baada ya nyingine. Mdudu akifikia mwisho wake, hukunja miguu, na ukimgusa kwa brashi laini hasogei. Hapo huchotwa upesi kwa kichujio cha chai na kutiwa kwenye maji ya kawaida, na mara nyingi huzinduka. Wadudu wa hori walizimia karibu na nyuzi thelathini na sita. Wale wa kidimbwi cha Kalamba, ambao Katunge aliwaleta mwenyewe, walipita hapo wakiteleza tu, wakaenda hadi arubaini. Katunge alifurahi kama anayeshangilia timu ya kijijini kwao. Lakini wadudu walikuwa wachache mno kuthibitisha lolote, na Daktari Nyamai akamwambia arudie kwa idadi kubwa. Ndiyo maana alikuwa amekwenda pwani mwenyewe na Kisilu, na ndiyo maana sasa alikuwa Ikutha, na pikapu imepasuka paipu ya redieta.

Kisilu alikwenda kutafuta fundi. Katunge na yule mama wa duka walishusha maboksi yaliyokuwa nyuma ya gari, wakayapanga barazani, wakayafunika kwa magunia na kuyamwagia maji. Maji ya Ikutha si ya kuchezea, na yule mama aliyatoa bila kuulizwa. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba mbuzi walijibana chini ya kibanda cha bodaboda pamoja na waendeshaji wake. Fundi alifika, akaenda kutafuta paipu, akarudi, ikawa si saizi, akaenda tena. Ilikuwa alasiri injini ilipowaka.

Walipokuwa wanapakia ndipo Katunge alipoliona. Boksi moja lilikuwa limeteleza nyuma ya tairi la akiba, chini ya turubai jeusi. Lilikuwa limekaa pale muda wote. Aliligusa, likamchoma vidole. Alipolifungua, zaidi ya nusu ya wadudu walikuwa wamekunja miguu, na waliosalia walijikokota tu.

Alimpigia Sauda simu palepale.

"Boksi moja limeiva kabisa," alisema. "Hizi wadudu zimekwisha, Sauda. Nafikiria nizimwage tu hapa."

"Usimwage kitu," Sauda alimjibu. "Lete kama lilivyo. Tutajua huku."

Kwa hiyo boksi likaja Kitui. Waliokufa waliondolewa, walionusurika wakapewa beseni lao peke yao, na Sauda akafunga kitambaa chekundu kwenye ukingo wake ili wasichanganyike na wengine. Asubuhi walikuwa wanateleza kama kawaida, tena wanagombania vijinzi.

Katunge hakuwa na matumaini nao. Aliwaingiza kwenye jaribio kwa sababu tu walikuwapo, akitarajia wazimie mapema kuliko wenzao, maana mtu aliyeugua homa jana hawezi kushindana leo. Mabeseni mawili yakawekwa sambamba, la wale waliosafiri kivulini na la kitambaa chekundu. Hita ikawashwa. Sauda alikuwa akisikiliza redio kwa sauti ya chini, Katunge akiwa ameinama na brashi mkononi.

Joto lilipofika thelathini na sita, wa kivulini walianza kukunja miguu, mmoja huku, wawili kule, kama ilivyotarajiwa. Kwenye beseni la kitambaa chekundu hakuna aliyekunja. Katunge aliwachota waliozimia, akarudi kutazama. Thelathini na saba. Beseni la kwanza lilikuwa karibu tupu. Kwenye la pili wadudu walikuwa wanakimbizana. Sauda alizima redio.

Katunge alisema kipimajoto kimeharibika. Wakaleta kingine. Kilisoma vilevile. Thelathini na nane, na wale walionusurika Ikutha bado walikuwa wanateleza, wengine wakiruka chandarua kilipotikiswa. Walipoanza kuzimia, walikuwa wanakaribia kuwafikia wale wa kidimbwi cha Kalamba.

Sauda alitoka nje kwenda kumwita daktari, na alikwenda mbio.

Daktari Nyamai alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Alisikiliza kila kitu, akaangalia mabeseni, akakubali kwamba kuna jambo. Kisha akasema neno lililomkata Katunge maini.

"Mwalimu, wale waliokufa Ikutha ndio waliokuwa dhaifu. Umebaki na wenye nguvu tangu kuzaliwa kwao. Huenda jua halikuwafanya wakakamavu. Huenda liliwachekecha tu, kama unavyochekecha ndengu."

Daktari alikuwa sahihi kuuliza, na Katunge mwenyewe alipaswa kuuliza kabla yake.

Mwisho wa wiki ule alikwenda nyumbani Kalamba. Alimkuta mama yake jikoni akitenga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akaketi kwenye kigoda na kumweleza habari yote, kwa Kikamba, kuanzia paipu ya redieta hadi neno la daktari. Mutanu alimsikiliza kwa makini. Kanisani walikuwa wakimwombea Katunge katika masomo yake kila Jumapili, na mama alikuwa amechoka kuulizwa na akina mama wenzake kama mtoto wake anasomea samaki; alitaka kuielewa kazi hiyo sawasawa ili ajibu mwenyewe.

"Kwa hivyo hamjui kama joto liliwaua wanyonge au liliwazoesha wazima," alisema mwishowe.

"Ndiyo hivyo, mwaitu," Katunge akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi wapashe wengine, lakini usiue hata mmoja."

Katunge alicheka, kwa sababu ndilo wazo lililokuwa limeanza kumjia njiani, na kulisikia likisemwa jikoni kulimfanya aone kwamba lilikuwa wazi mchana kweupe. Kama hakuna aliyekufa, basi hakuna aliyechekechwa. Kesho yake, baada ya ibada, hakungoja chakula; alirudi Kitui moja kwa moja.

Mzee Haroun alituma wadudu wapya. Waligawanywa bila kuchaguliwa katika mabeseni mawili. Wa kwanza waliachwa kwenye joto lao la kawaida. Wa pili walipashwa kwa upole, wakaletwa karibu na kizingiti cha kuzimia bila kukivuka, kisha wakarudishwa kwenye maji ya kawaida na kupumzishwa hadi siku ya pili. Katunge alikaa nao muda wote wa kupashwa akiwahesabu na kuwahesabu tena. Hakufa hata mmoja.

Sauda ndiye aliyetoa wazo la mwisho. Alimwambia Katunge waziwazi kwamba ana hamu kubwa mno ya kupata jibu fulani, na mtu mwenye hamu huona anachotaka kuona. Kwa hiyo asubuhi ya jaribio alimtoa nje, akayahamisha mabeseni kama alivyopenda, akatia shanga ya bluu ndani ya moja na ya njano ndani ya jingine, ndipo akamruhusu aingie. Katunge hakujua lipi ni lipi. Daktari Nyamai alikuja na kiti chake, akaketi karibu na dirisha. Habari zilikuwa zimeenea, na wale wa chumba cha pili waliolalamikia harufu ya maembe walikuwa wamesimama mlangoni.

Hita ikawashwa. Katunge alikuwa akitaja kwa sauti kila mdudu aliyekunja miguu, na Sauda anaandika. Bluu. Bluu tena. Njano mmoja. Kumbe huyo wa njano alikuwa amejiegemeza tu kwenye chandarua. Alipoguswa na brashi alitoka kasi. Bluu. Bluu. Joto likapanda tena, na beseni la shanga ya bluu likanyamaza, maji yake yakawa kama kioo. Kwenye la njano miguu ilikuwa bado inapiga makasia, na viduara vidogo vya mawimbi vilikuwa vikigongana juu ya maji. Joto likapanda tena. Na tena. Mgongo ulimuuma Katunge kwa kuinama lakini hakuuona uchungu wake.

Wa mwisho wa njano alipozimia, alimchota, akamtia kwenye maji baridi, akangoja hadi alipomwona ameinuka. Ndipo akamgeukia Sauda. Aliona haya kuuliza.

Sauda aliweka kalamu chini. "Njano ndio waliopashwa," alisema, na kicheko kikamtoka kabla hajamaliza.

Mlangoni walipiga makofi. Katunge alikaa sakafuni, palepale kwenye maji yaliyomwagika, akicheka na kufuta macho kwa leso. Daktari Nyamai alitoka kwenye kiti chake, akaja kuchungulia mabeseni kwa zamu, polepole, kama anayehakikisha kwamba hajadanganywa. Alisema kwamba jaribio moja si mwisho wa safari, lazima lirudiwe na watu wengine mahali pengine, na kwamba yeye mwenyewe hakulala vizuri usiku uliopita kwa kulingoja. Kisha akauliza swali jingine, na kwa namna alivyouliza, Katunge alijua kwamba hatamaliza masomo haya mwaka ule.

Hawa walikuwa wadudu wa horini. Hori lina maji kupwa na maji kujaa, lina kina kifupi, joto lake hupanda na kushuka. Lakini wapo wengine, jamaa zao, wanaoishi mbali kabisa, kwenye bahari kuu, ambako maji hayabadiliki. Je, na wao wakipashwa wanaweza kujikaza hivyo, au wamesahau?

Ndivyo mwalimu wa Wote, asiyejua kuogelea hata kidogo, alivyojikuta asubuhi moja ndani ya boti ya Mzee Haroun, jaketi la kuokolea limemkaba shingoni, Sauda kando yake ameshika boksi la karatasi zenye unyevu. Walikuwa wamepita mwamba wa matumbawe muda mrefu uliopita. Nchi kavu ilikuwa mstari mwembamba nyuma yao. Mzee Haroun alizima injini, na bahari ikatulia pande zote, imelala kama mafuta.

Kwa muda hawakuona kitu. Katunge alikodolea maji hadi macho yakawasha. Kisha Mzee Haroun alinyoosha kidole bila kusema, na pale alipoonyesha kulikuwa na vitone vya fedha vikikimbia juu ya mgongo wa wimbi, vikashuka nalo, vikapanda la pili, vingi, vimetawanyika hadi mbali. Chini yao kulikuwa na maji yasiyo na mwisho, na hawakuwa hata na jani la kupumzikia.

Simu yake ilikuwa bado inashika mtandao kidogo. Alimpigia mama yake, akamkuta shambani, akamwambia anawaona, wako mbele yake hapa, wengi.

"Wanashikilia nini huko?" Mutanu aliuliza.

"Hawashikilii chochote, mwaitu. Wanatembea tu."

Mama akamtaka amweleze vizuri, ili Jumapili awaambie watu kanisani jambo la hakika. Lakini boti ilikuwa inasogea kuelekea walipo, na Mzee Haroun alisema kwa sauti ya chini kwamba kama anawataka ni sasa, wakishtuka watakimbia. Katunge akampa Sauda simu aendelee kumweleza mama kwa Kikamba, akapiga magoti kwenye ukingo wa boti, akachukua wavu.